Vidonge vya kutuliza wasiwasi: geuza chupa kwanza, ndipo uulize bei

Malalamiko yanayonijia kutoka Shela na Barani hapa Malindi, hata Lamu, ni yale yale: "Nimemaliza chupa na moyo bado waenda mbio." Dada mmoja kanitumia picha. Mbele ya chupa: madini ya magnesiamu 300 mg, herufi za kujaa kiganja. Nyuma, kwa vijiherufi vya kukodolea macho: kipimo kimoja ni vidonge vitatu. Yeye alimeza kimoja kila usiku, yaani 100 mg. Na ile chupa ya vidonge 60 aliyouziwa kuwa ya miezi miwili ni ya siku 20 tu.

Hapo ndipo mnapopigwa, jamani. Mwauliza bei, mwauliza imetoka Marekani au India. Idadi ya vidonge kwa kipimo haiulizwi na mtu.

Ya kwanza kwangu, wala sifichi upendeleo, ni chupa ya kampuni ya Doctor's Best, magnesiamu ya aina iitwayo glisineti. Kila kidonge 100 mg za magnesiamu yenyewe, viwili kwa siku, na tumbo halichafuki ovyo. Vidonge ni vinene, andaa maji. Haifuti wasiwasi, lakini aliyepungukiwa na magnesiamu huweza kuona nafuu. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza.

Ya pili ni L-theanini, ile iliyomo kwenye majani ya chai. Tafuta kidonge cha 200 mg, kimoja tu, hesabu imekwisha. Haikulazi, kwa hiyo yafaa mchana. Ila ukiimeza kisha ukakaa barazani na vikombe vitatu vya kahawa chungu, usinitafute.

Ashwagandha, ule mmea wa dawa za asili za India, naiweka mkiani. Imewahi kuhusishwa na madhara ya ini, na Denmark iliipiga marufuku 2023. Wajawazito na wenye matatizo ya tezi ya shingo, kaeni mbali nayo.

Magnesiamu za bei nafuu ni za aina ya oksaidi. Mwili hufyonza kidogo, choo ndicho kitakachokuona sana.

Sasa wauzaji. Kuna wanaofungua chupa wakakuuzia vidonge kumi kwenye bahasha ya kaki, hakuna lebo, hakuna tarehe ya kuisha. Nilimuuliza mmoja kipimo ni vingapi, akanijibu, "Utakavyojisikia." Wengine wazipanga dirishani, jua la mchana lazipiga. Na ukivuka kutoka Mokowe kwenda Amu, yaani Lamu, bei yapanda, waambiwa ni nauli ya boti. Nauli gani hiyo, kwa kichupa cha kutia mfukoni?