Lithops: mmea mtamu, muuzaji mchungu

Sijui kama nina haki ya kukasirika ila nimekasirika, kwa hiyo nivumilieni. Kitambo kidogo niliagiza Lithops tatu mtandaoni, ile mimea inayofanana na kokoto, majani mawili manene yamebanana na mpasuko katikati kama kwato ya mbuzi. Zikaja na kikaratasi: "mwagilia kila wiki". Kila wiki jamani! Mmea wa ukame wa Namibia na Afrika Kusini! Mimi mgeni, nikatii.

Mwanzo raha tupu, zikanenepa nikajiona fundi. Halafu moja ikapasuka ubavuni kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, na nyingine nikaigusa asubuhi kidole kikazama. Yaani kilizama, ndani ishakuwa uji, na ile harufu sitaki hata kuikumbuka.

Nikamtumia muuzaji picha. Tiki za bluu, kimya, siku mbili. Baadaye ndio ananijibu, "Dada hilo ni jiwe, unaliuaje jiwe?" na vikatuni vya kucheka vitatu, nilivihesabu. Nikamwambia kaka kikaratasi ni chako, akasema eti hicho huwa anakiweka kwenye mimea yote. Yote! Na kuhusu jiwe, Burchell, Mwingereza aliyeiokota huko Afrika Kusini mwaka 1811, naye alidhani ni kokoto, lakini yeye alikuwa hauzi.

Ile ya tatu nikaisusa. Nikaihamishia kwenye chungu kirefu maana mzizi wake unashuka chini haswa (vile vikopo vifupi alivyoniletea navyo ni uhuni mwingine), changarawe na mchanga wa chembe kubwa ndio mwingi, udongo kiduchu, nikaiweka dirishani kwenye jua nikaacha kabisa habari za maji. Ikaanza kunyauka. Roho iliniuma, mara mbili nimeshika kopo la maji nikalirudisha chini. Kumbe haifi, inajila yenyewe, jozi mpya ya majani inachomoza kwenye ule mpasuko huku inafyonza maji ya jozi kuukuu mpaka ile kuukuu inabaki ganda kavu kama karatasi. Ukimwagilia wakati huo umeharibu, majani makuukuu yanagoma kukauka na mapya yanakosa nafasi.

Sasa hapo ndio nikakumbuka kwamba zile mbili nazo zilikuwa na kikunjo kidogo na mimi nikazimiminia maji nikidhani zina kiu. Kwa hiyo labda nami nina kosa langu. Kidogo lakini! Aliyeandika kila wiki ni nani?

Miezi ikapita, mchana mmoja nakuta ua la njano limechomoza pale kati, likifunguka linaufunika mmea mzima, jioni linajifunga. Nilikaa chini nikalitazama kama mjinga.

Mmea nyota tano. Muuzaji sifuri. Haya, moja, maana alifungasha vizuri hakuna iliyovunjika njiani. Nikikumbuka vile vikatuni, sifuri. Ila jana nimechungulia kwake nikakuta ana za rangi ya kahawia zenye michoro kama nyufa, mwingine sijamwona nazo, nikaagiza mbili. Kikaratasi nimemwambia abaki nacho.