Uzoefu wangu: kufundisha maadili ya akili mnemba kwa michezo ya kompyuta

Nafundisha kompyuta sekondari, mkoani Tanga. Mada ya maadili ya akili mnemba (AI) ukiifundisha kwa chaki, wanafunzi wananakili neno "upendeleo", wanalipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha kwenye zoezi wanakuandikia kwamba kompyuta haiwezi kupendelea kwa sababu si binadamu. Nikaona nijaribu michezo ya kompyuta iliyopo mtandaoni bure. Nimetumia mitatu, Kidato cha Pili na cha Tatu, na mmoja umewaacha wenzake mbali.

Nilianza na Moral Machine kwa kuwa ndio wenye jina. Uliundwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, ukawekwa mtandaoni mwaka 2016. Gari lisilo na dereva limekatika breki, wewe unaamua limgonge nani: mzee au mtoto, daktari au mhalifu, watu wawili au mbwa wanne. Watafiti wake walikusanya maamuzi yapatayo milioni 40 kutoka nchi na maeneo 233, wakachapisha matokeo katika jarida la kisayansi la Nature mwaka 2018. Darasa lilichangamka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Lakini ule ulikuwa mdahalo wa kawaida kuhusu uhai wa nani una thamani zaidi. Akili mnemba yenyewe haikuguswa. Kilichookoa kipindi ni binti mmoja aliyeuliza, "Mwalimu, hilo gari limejuaje kwamba yule ni mhalifu?" Mchezo haujibu, umeshamchora hivyo. Sisi tunajua mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" sokoni kinachofuata ni nini, kwa hiyo muda uliobaki wote uliishia kwenye swali lake. Ukiutumia mchezo huu, utumie kufikia hapo, kisha ufunge.

Wa pili ni Teachable Machine wa Google. Huu si mchezo hasa, ni kifaa: unakipa picha za makundi mawili kwa kamera ya kompyuta, unabonyeza kitufe, kinajifunza kuyatofautisha palepale kwenye kivinjari. Kazi niliyowapa ilikuwa kuunda "mwalimu wa zamu" wa kukagua sare getini. Picha za "sare kamili" zikatolewa na waliokuwa tayari kupigwa picha, yaani wavulana wa dawati la mbele. Mashine ikafunzwa, ikajaribiwa, ikawapitisha wavulana wote. Akaja binti aliyevaa hijabu, sare yake imenyooka kuliko ya mtu yeyote mle ndani, mashine ikamwandikia "hana sare" kwa asilimia tisini na kitu. Akarudi nyuma, akasogea, akageuka upande, jibu ni lilelile. "Mimi nimekosea nini sasa?" Wenzake wakaanza kumtetea kwa hasira, na hapo ndipo nilipowaomba wafungue lile kundi la picha walizoipa mashine wahesabu wasichana wangapi wamo.

Jambo moja kwa walimu wenzangu: picha hizo hazitoki nje ya kompyuta yako usipouhifadhi mradi mtandaoni, lakini wanafunzi hawajui hilo, na wazazi ndio kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ruhusa kwanza, futa picha mbele yao. Ile hatua ya kufuta ni somo tosha.

Sasa huu wa tatu, Survival of the Best Fit, wa mwaka 2019, uliotengenezwa kwa ruzuku ya Mozilla, wale wenye kivinjari cha Firefox. Wewe ni bosi wa kampuni changa. Wanakuja waombaji kazi, vikaragosi vya rangi mbili, kila mmoja na wasifu wake, na saa inakimbia. Mwekezaji anakuandikia: ongeza kasi. Unaajiri harakaharaka, hushindi, mwisho unashauriwa uachie mashine ijifunze kutokana na uliowachagua. Mambo yananyooka, hadi malalamiko yanapoanza kuingia: mbona watu wenye sifa wanakataliwa? Ubora wake ni kwamba hakuna anayekuuliza maoni yako juu ya haki. Unaminywa na muda mpaka unafanya mwenyewe, halafu unaonyeshwa ulichofanya. Wanafunzi wangu walibisha ("mimi sikuangalia rangi!"), wakaurudia mchezo ili kujisafisha. Baada ya hapo nikawasimulia habari ya Amazon, kampuni ya Marekani ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliyoripotiwa mwaka 2018: mfumo wao wa kuchuja wasifu ulifunzwa kwa maombi ya miaka kumi, mengi yakiwa ya wanaume, ukaanza kuwashusha wanawake, ukaachwa. Hakuna aliyesema tena kwamba kompyuta haipendelei.

Kasoro yake kwetu ni Kiingereza cha kiofisi, ambacho Kidato cha Pili wanakipita bila kukisoma. Inabidi usimame pembeni ya projekta ukitafsiri, na bando liwe la kutosha.

Ndiyo maana siku umeme ulipokatika tuliucheza kwa karatasi, na sasa naupenda hivyo zaidi. Niliwapa kadi za manila waandike wasifu wa waombaji: alama, uzoefu, shule aliyosoma. Kundi la kwanza likachagua kwa dakika tano, kadi za waliopita huku, za waliokataliwa kule. Kundi la pili, "mashine", lilikuwa nje. Likaitwa ndani, likaangalia mafungu mawili bila kuelezwa chochote, likapewa kadi mpya liendelee kuchagua kama wenzao. Mashine ilichukua muda mfupi tu kugundua kanuni: aliyesoma seminari anapita, wa shule ya kata abaki. Alama hawakuzitazama hata. Na sisi wenyewe ni shule ya kata.

Kijana mmoja wa kundi la kwanza akasema hawakukusudia. Mwenzake wa upande wa mashine akamjibu, "Sisi tumefanya mlichofanya nyinyi, ila haraka." Maelezo yangu yote ya ubaoni hayajawahi kufika hapo.

Kwa mwenye maabara nzuri, anza na Survival of the Best Fit, ufuate Teachable Machine, Moral Machine uache kwa ajili ya klabu ya mdahalo. Vipindi viwili mfululizo vinahitajika, kimoja hakitoshi, kwa sababu ubishi ndio kazi yenyewe. Kwa asiye na maabara, kadi za manila hazizidi elfu tano, na kwangu mwalimu wa Uraia ameshaziazima.