Loki ya difu sina ugomvi nayo, mpira wa upepo ndio ulioniacha Ndutu

Nianze kwa kusema wazi kwamba simshauri mtu yeyote kupeleka gari lake kwenye gereji ile ya Arusha iliyonifungia kompresa (pampu ya upepo) na mipira ya upepo ya loki za difu, yaani vifaa vinavyoyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja hata moja likikosa mshiko. Jina lake silitaji kwa sababu nina madai nao ambayo hayajaisha. Loki zenyewe, za kutoka Australia, moja mbele na moja nyuma, nilizinunua kwa fedha ambayo ingetosha tairi tano mpya na chenji ikabaki, na hazijawahi kunisumbua. Kilichoniangusha ni kazi ya mwisho, ile ambayo mafundi wengi huiona ndogo: kuufikisha upepo, ambao ndio unaoisukuma loki ifunge, kutoka kwenye kompresa iliyo chini ya boneti mpaka kwenye ekseli ya nyuma.

Ilikuwa msimu wa nyumbu kuzaa, mvua inanyesha, nami nilikuwa na wageni wawili watu wazima na mizigo yao yote ndani ya Land Cruiser. Anayeujua udongo mweusi wa Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, hahitaji maelezo: ukikauka ni mgumu kama saruji, na ukinyeshewa hunata kwenye tairi mpaka mifereji yote inaziba na gurudumu linakuwa kama andazi. Nilibonyeza swichi ya loki ya nyuma kabla ya kushuka bondeni, kama inavyopasa, taa ikawaka na kompresa ikaanza kunguruma. Mfumo usiovuja hujaa kwa sekunde chache, kompresa ikajizima yenyewe mgandamizo unapokaribia psi 100 (kipimo kile kile cha upepo wa tairi), na baada ya hapo husikii kitu ila injini. Hii haikunyamaza, na mimi, kwa kuiamini taa kuliko masikio yangu, nikaendelea mbele. Gurudumu la nyuma kushoto likazunguka kama feni huku la kulia limetulia tuli. Loki ya mbele nayo haikufaa kitu, kwa kuwa zote mbili zinategemea kompresa ile ile moja.

Nililala chali kwenye matope nikasikia mluzi. Mpira wa upepo, ambao ungeweza kufungwa juu ya chesisi sambamba na bomba la breki, ulikuwa umelazwa juu ya bomba la ekzosi. Plastiki ilikuwa imelainika na kung'aa, na katikati palikuwa na tundu lisilozidi punje ya mchele. Nilijaribu kulifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kikarushwa mara tu nilipobonyeza swichi. Kiungio cha akiba, ambacho kingemaliza shida ile kwa dakika kumi, nilikuwa nimekiomba siku ya kulipa nikaambiwa sitakihitaji kamwe. Tulivutwa na gari la kampuni nyingine jua likielekea kuzama, na mama mgeni wangu hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Yote hayo ningeyasamehe. Nisichoweza kusamehe ni mapokezi. Msimamizi wa gereji, kijana wa rika la mwanangu wa pili, hakuniamkia wala hakuinua macho kwenye simu yake. Nilipomaliza kueleza akajibu, "Loki si helikopta, dereva. Umelilazimisha gari." Neno dereva si tusi, ndilo lililonisomeshea watoto, lakini kuna namna ya kulitamka ambayo mtu mzima huielewa mara moja. Nikamwekea mezani kile kipande cha mpira kilichoyeyuka. Akakisukuma kwa ncha ya kalamu kama anayeondoa mende, akasema ekzosi ya gari langu inapata moto kupita kiasi. Ekzosi isiyopata moto mimi sijawahi kuiona.

Aliyenitendea utu ni fundi mwanafunzi aliyenifuata hadi getini. "Shikamoo mzee. Ule mpira niliupitisha mimi. Niliambiwa gari litoke kabla ya saa kumi." Nikamwitikia marahaba, na hasira yangu kwake ikaisha pale pale, kwa mkubwa wake ndiyo kwanza ikapanda.

Kazi ilirudiwa na fundi wa mtaani kwetu asiye na hata kibao mlangoni. Alikata mpira mpya kwa wembe, mkato ulionyooka, akinieleza kwamba ukikatwa kwa koleo mdomo wake hupondeka na kuvuja kwenye kiungio. Aliuacha na ulegevu pale unaposhuka kwenye ekseli, maana ekseli hupanda na kushuka na springi, akavuta waya mnene wa kompresa, wenye fyuzi na relei (swichi inayowashwa kwa umeme), moja kwa moja kutoka kwenye betri, kisha akapaka povu la sabuni kila kiungio na kusubiri. Kwenye kimoja alikuta vipande vya ule utepe mweupe wa mafundi bomba vikielekea kwenye valvu, navyo pia ni kazi ya gereji yetu ile maarufu.

Tangu hapo, nalazimika kukiri, nimevuka makorongo ya mchanga ya njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Nilikuwa nimeapa kuzing'oa loki hizi na kutafuta za umeme kama zile ambazo Toyota huzifunga kiwandani, kwa kuwa hazina mpira wa kuyeyuka. Sizing'oi tena. Kompresa hii hunirudishia upepo kwenye tairi nikitoka mchangani, na kazi hiyo mota ya loki ya umeme haiifanyi. Ingawa kusema kweli, kila nikikumbuka ile kalamu, umeme unanivutia upya.

Gereji walinipigia juzijuzi, safari hii kwa salamu ndefu na "mzee wetu" nyingi, wakisema watanirudishia nusu ya gharama za ufundi nikiwapelekea kile kipande cha mpira kwa uchunguzi. Nimewajibu waje wakichunguzie nyumbani kwangu, na waje na fedha yote.