Igeuze Ngozi Kabla ya Kupatana Bei: Mwongozo wa Kununua Mazulia na Matandiko ya Ngozi ya Kondoo

Anayeteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu hufika mahali ambapo magari husimama ili abiria walitazame Bonde la Ufa, na hapo, pamoja na mablanketi ya Kimaasai na kofia, hukuta vibanda vilivyotundikwa ngozi za kondoo zenye sufu. Baridi ya mteremko ule humshawishi mtu haraka. Wanunuzi wengi hupapasa sufu, husifu weupe wake, hulipa na kuondoka. Ninawaomba wafanye jambo moja kwanza: waigeuze ngozi. Sufu ya karibu kila kondoo hupendeza siku ya kwanza, lakini kinachoamua kama zulia litakaa nyumbani miaka 10 au litanyonyoka kabla ya masika kurudi ni upande wa pili, yaani namna ngozi yenyewe ilivyosindikwa.

Zulia langu la kwanza nililinunua kwa kupapasa tu. Muuzaji alinihakikishia kuwa linaoshwa, nami nikaliosha. Lilipokauka lilikuwa gumu kama ubao, likapasuka nilipojaribu kulikunja, na sufu ikawa inatoka mkononi kwa mafungu. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba ngozi ile ilikuwa imesindikwa kwa shabu, ile chumvi nyeupe ya madini, na kwamba maji huitoa shabu na kuiacha ngozi irudie ubichi wake.

Kabla ya kuzipanga ngozi kwa ubora, ni vyema kukumbuka kwamba si kila kondoo ana sufu. Kondoo wekundu wa Kimaasai wana nywele fupi, na Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, ana nywele zilizochanganyika na sufu kidogo. Ngozi zao zinafaa viatu na mikoba, lakini hazifai kulaliwa. Sufu nene hutoka kwa Corriedale, Merino na Romney Marsh, ambao nchini Kenya hufugwa katika nyanda za juu zenye baridi kama Molo na Nyandarua. Itenganishe sufu kwa vidole viwili hadi shinani: kadiri unavyoiona ngozi kwa shida, ndivyo sufu ilivyosongamana, na ndivyo itakavyochelewa kulala chini ya uzito wa mwili.

Nafasi ya kwanza ninaipa ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromiamu, ambayo ni aina ya metali. Upande wake wa nyuma una rangi ya kijivu inayoelekea buluu, hukunjika bila kutoa sauti ya kukatika, na haina harufu ya mnyama. Ngozi hii huvumilia maji, na kwa hiyo ndiyo inayofaa nyumba yenye watoto, wageni na vikombe vya chai vinavyomwagika. Kwa zulia la kando ya kitanda, chagua sufu ya milimita 50 hadi 70. Kwa matandiko, chagua iliyonyolewa ikabaki milimita 30 hivi, kwa sababu sufu ndefu hujisokota chini ya mtu anayegeukageuka usiku. Nduguye wa karibu ni ngozi iliyosindikwa kwa kemikali iitwayo glutaraldehaidi, ambayo nyuma yake ni ya manjano na ambayo huvumilia kufuliwa mara nyingi kwa maji yenye joto. Hii ndiyo inayotumiwa kwa wagonjwa wasioweza kujigeuza, na majaribio yaliyofanywa Australia na Uholanzi yameonyesha kuwa hupunguza vidonda vya kulalia. Hata hivyo, haichukui nafasi ya kumgeuza mgonjwa, wala manyoya ya plastiki hayawezi kufanya kazi yake.

Ya pili, kwa anayetaka kufunika godoro zima, ni tandiko la sufu iliyofumwa juu ya kitambaa. Ninajua wengi watapendelea ngozi halisi, lakini kitanda cha watu wawili kinahitaji ngozi kadhaa zilizoshonwa pamoja, na mishono hiyo ndiyo inayoachia kwanza. Tandiko la kitambaa hukunjika kwa urahisi, na sufu yake huendelea kunyonya jasho. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa, na hiyo ndiyo sababu mtu hulala juu yake bila kutota jasho wala kuhisi baridi.

Nafasi ya tatu ni ya ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, hasa miwati, ile miti inayopandwa pia Njombe, Tanzania, kwa ajili hiyo. Nyuma yake ni ya kahawia na ina harufu nzuri ya magome. Mimi binafsi ninaipenda kuliko zote kwa macho, na ninayo moja juu ya kiti, lakini maji huitia madoa na kuikakamaza, kwa hiyo sithubutu kuishauri kwa kitanda. Ya nne ni ile ya shabu, yenye mgongo mweupe. Inunue tu ikiwa utaitundika au kuiweka mahali pasipofika maji, na ikiwa bei yake inalingana na udhaifu huo.

Ngozi mbichi iliyopakwa chumvi na kukaushwa juani sitaipa nafasi yoyote. Huvunda mvua inaponyesha, huvuta wadudu, na ikiwa imetoka kwa mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, inaweza kubeba vimelea vya kimeta. Muulize muuzaji kwa heshima, “Mzee, ngozi hii imetengenezwa kwa dawa gani?” Anayeijua bidhaa yake hujibu mara moja.

Uigaji wa plastiki hutambulika kwa kiberiti. Omba nywele chache na uzichome mbali na bidhaa: sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika, wakati plastiki huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Zulia lililotiwa rangi lisugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kwa maana rangi inayohamia kwenye kitambaa leo itahamia kwenye shuka kesho.

Kuna jambo moja ambalo sitalilegeza. Mtoto mchanga asilazwe juu ya ngozi ya kondoo, hata iwe safi kiasi gani. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, inashauri watoto walazwe juu ya sehemu ngumu na tambarare isiyo na matandiko laini, na ngozi ya kondoo imo miongoni mwa vitu inavyotaka viondolewe.

Utunzaji wa kila wiki ni mwepesi: likung'ute zulia nje, kisha lichane kwa brashi ya waya laini. Kwa kufua, tumia maji yasiyozidi nyuzi joto 30 na sabuni ya sufu. Sabuni za unga zenye vimeng'enya humeng'enya sufu yenyewe, na dawa ya kung'arisha yenye klorini huiyeyusha. Usikamue kwa kusokota. Ikandamize kwa taulo, itandaze kivulini penye upepo, na uivute kwa mikono kila baada ya saa chache ngozi inapokauka, kwa sababu hapo ndipo inapokakamaa. Jua kali huifanya sufu kuwa ya manjano na ngozi kuwa ngumu.

Wakazi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wana adui wa ziada, nao ni unyevu wa hewa. Ngozi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki kabatini huota ukungu. Ifunge kwa shuka la pamba na uitoe ipigwe na upepo mara kwa mara. Nondo nao hupenda giza na sufu yenye jasho, na wanaokula sufu ni mabuu yao. Karafuu katikati ya matandiko hunukia vizuri, lakini haziui mabuu yaliyokwisha kuingia. Ukiona vitundu au unga unaofanana na mchanga shinani mwa sufu, funga hiyo ngozi au tandiko ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha uichane nje, mbali na nguo nyingine.