Skrubu ya taya yenye mpako: nyota 4, ya tano nimeibania

Haya wadau, nilisema nitaandika nikishapona, sasa imepita mwaka na miezi kadhaa toka niwekewe kwahiyo naongea na kitu kikiwa mdomoni. Kwa wasiojua, nilitolewa uvimbe wa maji kwenye taya la chini, ukaondoka na magego mawili na kipande cha mfupa, likabaki shimo ambalo ulimi kila saa upo huko unachungulia. Wakajaza mfupa wa kupandikiza, tukasubiri miezi, afu ndo ikaja habari ya skrubu ya titaniamu ya kubeba jino.

Ile ya kwanza haikuwa na mpako wowote, na sehemu niliyowekewa siitaji. Mwezi wa tatu narudi kuvishwa jino, dokta anakaza kidogo tu, skrubu nzima ikazunguka kama bomba lililokufa nyuzi. Haikuuma hata kidogo na hicho ndo kilinitisha zaidi. Ikatolewa kwa vidole, basi, tukaanza upya.

Ya pili ndo hii ninayoisifia. Siku ya kuwekwa niliomba niione kabla, ikatolewa kwenye kichupa chake, shingoni inang'aa kama chuma cha kawaida ila kuanzia hapo kushuka chini ni nyeupe-kijivu, kama imechovywa kwenye chokaa. Nikanyoosha kidole, nesi akaudaka mkono wangu hewani, kumbe hata mafuta ya ngozi yanatosha kuuharibu ule weupe. Ule weupe ni haidroksiapataiti, yaani kalsiamu na fosfeti, ndugu wa karibu kabisa wa madini yaliyomo kwenye mfupa wako mwenyewe. Unga wake unarushwa juu ya chuma kwa moto wa plazima, yaani gesi yenye joto kali mno, joto linapita nyuzi 10,000, unaganda pale kama rangi, unene wake mikroni 50 hivi, sawa na unywele.

Sasa mbona titaniamu yenyewe inashikana na mfupa? Ni kweli inashika, Brånemark, daktari mtafiti wa Sweden, aliligundua hilo miaka ya 1950 kwenye mifupa ya sungura na mgonjwa wake wa kwanza wa meno alimfanyia 1965. Tofauti ni kwamba kwa chuma kitupu mfupa unaota kutoka ukutani mwa tundu ukisogea kuelekea kwenye chuma, taratibu. Ukiwa na mpako, kalsiamu na fosfeti zinayeyuka kidogo pale pale, linatengenezeka tabaka jipya, protini zinanata, seli za mfupa zinakaa juu yake na kuanza kujenga, kwahiyo ujenzi unatokea pande zote mbili mpaka wanakutana katikati. Kwa mtu ambaye mfupa wake wenyewe ni wa kujaziwa kama mimi hiyo sio anasa.

Na hapa niwape kitu ambacho mi sikuambiwa nikakosa usingizi bure. Kuna kamashine wanakagusisha kwenye skrubu inatetemeka afu inatoa namba kati ya 1 na 100, kubwa ndo nzuri. Siku ya kwanza 67, nikafurahi. Wiki ya tatu 59! Nikajua ndo yale yale, nimerudi nyumbani sijaongea na mtu. Kumbe ndo ilivyo, mwanzo skrubu imebanwa tu na nyuzi zake kwenye mfupa wa zamani, ule mfupa uliobanwa mwili unaula kwanza ili ujenge mwingine, katikati hapo kuna bonde, na kazi ya mpako ni kukuvusha hilo bonde mapema. Wiki ya nane 73. Dokta akaigonga na mpini wa kioo chake, ikalia ti! kavu kabisa, ile ya kwanza haikuwahi kulia hivyo.

Ila nisiwadanganye, kati ya ya kwanza na ya pili niliacha fegi, na fegi ni adui mkubwa wa hii kitu, kwahiyo sifa zote siwezi kuupa mpako.

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu muuzaji anaongea utadhani mpako ni wa milele. Sio. Hizi za haidroksiapataiti ziliingia kwenye meno miaka ya 1980, baadaye madaktari wengi wakazikimbia kwa kuwa mpako mnene ulikuwa unaweza kubanduka kwenye chuma, afu unabaki na ganda linaloelea kati ya skrubu na mfupa. Bayoglasi, mpako mwingine wa kioo maalum alichotengeneza mwanasayansi Mmarekani Larry Hench 1969, nacho kinapendana na mfupa vizuri sana ila kukipaka kwenye titaniamu ni kazi, kikipoa kinanywea tofauti na chuma kinapasuka. Na ufizi ukishuka ule mpako wenye kukwaruza ukabaki nje, bakteria wanapapenda kuliko mfupa ulivyopapenda, kwahiyo brashi ndogo ya katikati ya meno kila usiku, mi hata niwe nimechoka vipi.

Jamani kabla hujaondoka kliniki dai stika. Kila skrubu inakuja na stika yenye jina, saizi na namba ya toleo, inabandikwa kwenye kadi yako. Ya pili ninayo kwenye pochi. Ya kwanza sikupewa, nilipouliza baadaye nikaambiwa faili halionekani, mpaka leo sijui ilikuwa chuma gani kilichokaa miezi mitatu kwenye taya langu.