Uzoefu wangu: haibernesheni ya Linux ikibana kwa LZ4, kwenye mashine za Dodoma

Kama kompyuta mpakato yako ni ya zamani, betri imechoka na umeme wa mtaani kwako hauaminiki, haibernesheni ya Linux naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia, sababu iko mbele. Naitumia kwenye mashine yangu hapa Nkuhungu na nimeiwasha kwenye mashine za wateja, wengi wao walimu na wanafunzi wa chuo. Safari hii nimekwenda mbali kidogo: nimekaa nikasoma kodi yenyewe (maandishi ya programu), faili la kernel/power/swap.c, ambalo ndilo linaloibana picha ya kumbukumbu, yaani nakala ya yaliyomo kwenye RAM, na kuiandika kwenye diski.

Kwa asiyeijua: ukilaza kompyuta kwa njia ya kawaida, RAM inaendelea kula umeme, na betri ikifa kazi imekwenda. Haibernesheni inachukua yaliyomo kwenye RAM, inayaandika kwenye swapu (sehemu ya diski iliyotengwa kuisaidia RAM), kisha mashine inazima kabisa. Ukiiwasha, unarudi pale pale ulipoachia. Picha hiyo haiandikwi jinsi ilivyo. Inabanwa kwanza, kama nguo za mitumba zinavyobanwa kuwa robota ili kontena lile lile libebe nyingi. Ubanaji huu uliingia kwenye kerneli, yaani moyo wa Linux, na toleo la 2.6.37 mwaka 2011, kwa njia ya kubana iitwayo LZO, ya Markus Oberhumer. Mei 2024 toleo la 6.9 likaongeza chaguo la njia nyingine, LZ4 ya Yann Collet, na hiyo ndiyo ninayoitumia sasa.

Kwa hali yetu, suala ni sekunde. Betri iliyochoka haishuki kwa utaratibu. Inakuonyesha asilimia 15, ukigeuka huku imezima. Chukua diski ya kuzunguka inayoandika MB 80 kwa sekunde, na picha ya GB 3. Bila kubana, inahitaji karibu sekunde 40. Ikibanwa ikawa nusu, ni kama 20, kwa kuwa prosesa inabana haraka kuliko diski hiyo inavyoandika. Zile 20 zilizookolewa ndizo zinazoamua kama ripoti ya mtu itaonekana tena au la. Mwenye SSD mpya (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) na betri nzima anaweza asione tofauti kubwa, na simlaumu. Ila mashine nyingi zinazoletwa mezani kwangu zina diski za kuzunguka.

Nilipofungua kodi nilitaka kujua jambo moja: ikiharibika njiani, inafanya nini? Nimeridhika. Kumbukumbu inagawanywa mafungu ya kurasa 32, kila ukurasa KB 4, yaani KB 128 kwa fungu. Mafungu hayo wanapewa wafanyakazi (nyuzi za programu), kwa kawaida wasiozidi watatu, wanaobana sambamba, na kwenye mashine ambayo prosesa yake ina viini vichache idadi inapunguzwa ili kiini kimoja kibaki na kazi nyingine. Mbele ya kila fungu unaandikwa urefu wake baada ya kubanwa. Wakati wa kuamka, kodi haiuamini urefu huo kienyeji. Ukiwa sifuri, au ukiwa mkubwa kuliko inavyowezekana, inakataa. Baada ya kufumua inakagua tena kwamba kilichotoka ni kurasa kamili na hakijazidi KB 128. Juu ya hayo kuna hesabu ya CRC32, namba ya kukagua kama data imebadilika, inayopigwa kwa data kabla ya kubanwa, na mwishoni inalinganishwa. Isipolingana picha inatupwa na mashine inawaka upya kama kawaida. Mimi nataka hivyo hivyo. Bora kupoteza kazi ya saa moja kuliko kurudishiwa kumbukumbu mbovu ambayo itaandika uchafu kwenye mafaili ya mteja.

Upande wa kuamka ndiko LZ4 inakojipatia sifa, kwa kuwa inafumua haraka kuliko LZO. Mwalimu mmoja wa Kongwa alikuwa anaandika azimio la kazi kwenye chumba changu cha kazi, umeme ukakatika, mashine ikajilaza yenyewe. Uliporudi hakutaka hata kuigusa.

"Fundi, kweli kazi yangu ipo?"

"Ipo, mwalimu. Bonyeza tu."

Zikapita zile asilimia kwenye skrini nyeusi, kumi, ishirini, hadi mia, kisha jedwali lake likafunguka, kishale kikiwa kinapepesa katikati ya neno aliloliacha. Akalimalizia.

Kuiwasha si kazi kubwa. Kwenye vigezo vya kuwashia kerneli ongeza hibernate.compressor=lz4, pamoja na resume= inayoelekeza kwenye swapu yako. Kerneli inayoamsha lazima nayo iijue LZ4, kwa hiyo hakikisha imo kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzo wa kuwaka) kabla hujalaza chochote cha maana. Ukisasisha kerneli, washa mashine upya kwanza kabla ya kuilaza. Kisha fungua /etc/UPower/UPower.conf, faili la mipangilio ya programu inayosimamia betri, weka CriticalPowerAction=Hibernate, na upandishe PercentageAction, yaani asilimia ya betri ambayo ikifika mashine inajilaza; PercentageLow na PercentageCritical nazo lazima zibaki juu yake, la sivyo vipimo vyako vinapuuzwa. Kawaida inakuja na 2, na kwa betri za huku 2 ni kuchelewa. Mimi naweka 10, na betri iliyochoka sana naipa 15.

Ukikuta faili la /sys/power/disk linasema [disabled], mara nyingi chanzo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokagua kinachowashwa: kerneli ikiwa imejifunga kwa usalama, haibernesheni inakataliwa. Na kubana hakufichi siri. Nywila zako zote zimo ndani ya ile picha, na anayeiba diski anaweza kuifumua kwa LZ4 ile ile, maana programu yake ni ya bure kwa kila mtu. Kwa wateja wanaofanya kazi za ofisi kule Mtumba sikubali kuiwasha mpaka swapu iwe imesimbwa. Hilo silijadili, hata mtu akiwa na haraka.

Sasa ile nyota ya tano. Ukizima ubanaji, kodi inapima kwanza kama swapu inatosha kabla ya kuanza kuandika. Ubanaji ukiwa umewashwa, kipimo hicho cha mapema hakipo, maana haiwezi kujua picha itabanika kwa kiasi gani. Inaanza kuandika tu, na nafasi ikiisha katikati inaacha na kukurudisha kwenye skrini. Kwa mtu aliye kwenye umeme hilo si neno. Kwa mtu aliyebakiwa na asilimia chache za betri, sekunde zote hizo zimeliwa bure na hana za kujaribu tena. Mafaili ya picha za kamera na ya video yaliyopakiwa kwenye RAM ndiyo hatari zaidi, kwa sababu yameshabanwa tayari na hayabaniki tena kwa maana. Natamani sana wangeweka onyo la mapema, hata la makadirio tu.

Kerneli yenyewe inajitahidi kuiweka picha chini ya mbili ya tano za RAM, na wapo wanaokata swapu kwa kipimo hicho hicho. Mimi sifanyi hivyo, kwa kuwa kikomo hicho ni cha kujaribu, hakuna ahadi. Mashine ya RAM GB 8 naipa swapu GB 8 kamili, hata kama diski ni ndogo na mteja analalamika kwamba muvi zake hazitatosha.