Hadithi Fupi na Shairi katika Usomaji wa Darasani

Mwanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14 anaposomeshwa hadithi fupi na shairi vyenye dhamira moja, tuseme upweke, hukutana na njia mbili tofauti za kuifikia maana. Hadithi humpa msimulizi, wahusika, mandhari na mgogoro unaopanda hadi kilele, hivyo hata asipoelewa neno moja au mawili huweza kuufuata mtiririko wa matukio bila kupotea.

Shairi halimpi msaada huo. Katika tarbia, yaani shairi lenye mishororo 4 kwa kila ubeti, na kwa kawaida mizani (silabi) 16 kwa kila mshororo, mtunzi hana nafasi ya kueleza kwa kirefu kwa nini nafsineni, yaani anayezungumza ndani ya shairi, analia. Hulazimika kuteua neno moja libebe hisia nzima, na mara nyingine hulifupisha au kuupindua mpangilio wa kawaida wa sentensi ili vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vitimie. Ndiyo maana shairi linastahili kusomwa kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, kwa kuwa sehemu ya maana yake imo katika urari wa sauti na katika takriri (urudiaji wa maneno au sauti), mambo ambayo macho peke yake huyapita.

Ni rahisi zaidi kutunga maswali ya ufahamu kuhusu hadithi. Hata hivyo, naona ni heri kutanguliza shairi, kwa sababu msomaji aliyekwisha kuzoea kupima uzito wa neno moja ataitambua, hata ndani ya hadithi, ile sentensi fupi ambamo mhusika hubadilika.